Mwanamke Asiyegeuka

Kabla sijafungua mdomo, naomba jambo moja. Vijana wa kwaya pale benchi la nyuma, nawaona, mmeshanyanyua simu. Zishusheni, wanangu. Ziwekeni mfukoni, au zikalieni kabisa. Leo mtanisikiliza kwa masikio mliyozaliwa nayo. Mkitaka kujua kwa nini, subirini, nitafika.

Haya. Wazee wangu, baba zangu na mama zangu mlioketi mbele, shikamooni. Asanteni. Na nyie wenzangu, habari za toka asubuhi. Wengi mnanifahamu. Mimi ni yule mama wa nyumba ya pembeni hapa Gendabi, pale njia ya ng'ombe inaposhuka kwenda lamboni. Nimezaliwa Tumati, kule juu, nikaolewa huku chini, na wifi zangu wanasema mpaka leo natembea kama mtu anayepanda mlima. Waache waseme. Mchungaji ameniomba nisimame hapa siku nyingi, nami siku nyingi nilikuwa nakumbuka ghafla kwamba nimeacha maharage jikoni. Leo nimekosa pa kukimbilia, maana aliyenileta amekaa benchi la mbele na ananiangalia.

Mama yetu alitutoka mapema. Alituacha wasichana wawili, mimi mkubwa, na mdogo wangu ambaye nilimbeba mgongoni mpaka mgongo ukazoea. Nikamlea, nikamsuka, nikamchapa pale alipostahili na mara nyingine pale asipostahili. Akakua, akaolewa, akahamia Jorodom, pale Katesh, chini ya mlima. Hakuna asubuhi iliyopita bila yeye kunipigia. "Shikamoo dada." Naitikia, "Marahaba, mmeamkaje?" Basi, nakata, naenda kukamua. Nikiisikia shikamoo yake ndipo najua kumekucha.

Ukaja mwaka ule mlima ulipoteremka. Sitawasimulia, kwa sababu wengine humu ndani mlizika, na wengine hamkupata hata cha kuzika. Mimi nilikuwa huku, salama, nimekaa na jembe langu. Asubuhi ile simu haikulia. Nikampigia, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Wakasema barabara imezibwa na tope na magogo, hakuna kupita. Baba watoto ni fundi ujenzi, alikuwa kazini mbali, na kabla ya kuondoka alikuwa ameninunulia simu ya kupapasa na kisola cha kuchajia, ili nisijisikie mpweke. Basi nikakaa na ile simu. Magrupu yote yalikuwa yanamwaga video, la kanisa, la ukoo, la wazazi wa shule. Nami nikaanza kumtafuta mdogo wangu humo ndani.

Hapo bado sikuwa nimekosea. Ndugu zangu, nawaambia, nani kati yenu asingetafuta? Macho hayana pazia.

Kati ya zile video kulikuwa na moja fupi sana. Inaonyesha mwanamke amesimama kando ya nyumba, ametupa mgongo. Amevaa kitenge cha bluu chenye ndege wa njano, kichwani kitambaa chekundu. Anaangalia kule juu. Jogoo anawika. Halafu sauti ya mwanaume usiyemwona inapiga kelele, "Toka! Toka wewe!" Mwanamke hageuki. Kinakuja kitu cha rangi ya kahawia, kirefu kuliko paa, na video inaishia hapo.

Kitenge kile nilikijua. Nilinunua viwili mnadani, doti moja yangu na doti moja ya mdogo wangu, tuvae sare kwenye harusi ya binamu yetu. Nikaiona video, nikakaa chini kwenye udongo. Nikairudia ili nimwone uso. Hageuki. Nikairudia tena.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu hunishangaa. Siku chache baadaye mdogo wangu akapatikana. Yuko hai! Alikuwa amehifadhiwa shuleni pamoja na wenzake, simu yake imepotea, lakini mwili mzima. Njia ilipofunguka nikaenda Katesh kwa miguu yangu, nikamkumbatia, nikalia mpaka akaniambia, "Dada, unanivunja mbavu." Nikala naye wali. Nikarudi nyumbani nikimshukuru Mungu. Ilitakiwa iishie pale, si ndiyo?

Haikuishia. Nilipofika nyumbani, kabla sijavua hata viatu, niliifungua ile video. Sijui kwa nini. Kidole kilikwenda chenyewe. Nikajiambia naangalia mara moja tu, sasa najua si yeye. Nikaangalia. Hageuki. Nikasema labda nikiitazama kwa makini nitaona ni nani. Kesho yake tena. Na ile simu ina akili yake, ikishajua unachokula, inakupakulia. Ikaanza kuniletea matope ya nchi nyingine, mafuriko, magari yaliyotumbukia, watu wanaopiga kelele kwa lugha nisizozijua. Wakaja na wale wa kutabiri: mlima unatoa moshi, mlima utashuka tena, sambaza kwa wenzako. Nami nilisambaza, jamani. Wengine humu ziliwafikia kutoka kwangu, mkakosa amani, na ninawaomba radhi.

Kazi ikalala. Alizeti zikaliwa na ndege nikiwa nimekaa chini ya ghala na bando langu. Uji unaungua, naukoroga kwa mkono huu, mkono huu unapandisha video. Mtu akinisalimia nasikia, lakini naona ananichelewesha. Dirisha la jikoni linalotazama mlima nikalitundikia gunia. Baba watoto akipiga simu namwambia huku kwema. Na kweli niliona ni kwema, kwa sababu kila kilichokuwa kibaya kilikuwa mle kwenye simu nami nilikuwa nakilinda kisitoke.

Mnadhani mambo yenyewe yalinipata usiku? Hapana. Mchana kweupe, jua limewaka. Kwanza alikuwa jogoo. Mnakumbuka nimesema kwenye video jogoo anawika kabla ya tope? Basi jogoo wangu akiwika uani, mimi nashika mwimo wa mlango na kusubiri kinachofuata.  Nikasema huyu jogoo ataniua, nikamchinja. Jogoo wa mbegu, jamani, mwenye manyoya mazuri! Msicheke. Au chekeni tu. Kesho yake, hakuna jogoo uani kwangu, nikasikia anawika. Nikatoka nje kuangalia. Kulikuwa na kuku majike wanachakura, wote kimya, nami nikamsikia tena, karibu kabisa, kwa sauti ile ile ya kwenye video.

Halafu nikaanza kuona yule mwanamke anageuka. Siyo sana. Siku moja niliona kama shingo imekuja kidogo upande wa kushoto. Siku nyingine nikaona sikio. Mtu mwenye akili atawaambia video haibadiliki, ilivyo jana ndivyo ilivyo leo. Najua. Hata wakati ule nilijua. Lakini nilikuwa nangoja ageuke, na kila siku nilikuwa na hakika kwamba leo ndiyo siku, na nikimwacha kidogo nikaenda kuteka maji, atageuka mimi sipo.

Binti yangu alikuwa mdogo, yuko madarasa ya chini. Siku moja nimetoka jikoni nikamkuta amesimama kati ya uwanja, amejifunga kitenge changu cha ndege wa njano mpaka kinaburuza, kichwani ameweka kitambaa. Amenipa mgongo. Nikamwita. Kimya. Nikamwita kwa jina lake la ubatizo. Kimya, hata bega halitikisiki. Nikamwendea mbio nikamgeuza kwa nguvu. Akaniangalia kwa mshangao, akasema, "Mama, kwenye simu hageukagi." Nilimpiga kofi mtoto yule. Nilimpiga kwa hofu yangu mwenyewe, na halafu, Mungu anisamehe, nikarudi kukaa na simu.

Sasa mdogo wangu. Yeye alikuwa amepata simu nyingine, amehamia upande mwingine wa mji, na alikuwa na mimba yake ya kwanza. Akaniambia, "Dada, mama hatunaye. Ni wewe utakayenipokea nikijifungua. Nije kwako au uje kwangu?" Nikasema tutaona. Aliendelea kunipigia kila asubuhi. Lakini mimi nilikuwa nimeshaisikiliza simu mpaka sauti zote zimekuwa za namna moja. Sauti yake ikaanza kunifikia kama inatoka mle walimo wale wengine. Asubuhi moja akanipigia, "Shikamoo dada." Nyuma ya sauti yake, jogoo akawika.

Ni jogoo wa jirani yake tu. Katesh kuna majogoo wengi kuliko watu. Lakini mimi nilimsikia yule wa kwenye video. Bibi yetu kule Tumati alitufundisha tukiwa wadogo: ukiitwa na sauti, na mwenyewe humwoni, usiitike. Nani humu hakufundishwa hivyo? Basi sikuitika. Akasema tena, "Shikamoo dada. Dada? Unanisikia?" Nikakata. Tangu siku ile sikuitikia shikamoo ya mdogo wangu. Simu ikilia na jina lake, naiweka kifudifudi kwenye meza mpaka inyamaze, halafu naigeuza na kufungua video. Kule alikuwepo. Mle alikuwa amesimama, na mimi nikaamini kabisa kwamba yule wa video ndiye mdogo wangu, na anayepiga simu ni kitu kingine.

Kina mama mnakumbuka ile Jumatano ya maombi. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Mnisaidie kumwombea marehemu mdogo wangu." Mwenyekiti wetu akaniuliza kwa upole, "Si ulituambia alipatikana?" Nikajibu, "Hapana. Nimemwona kwa macho yangu." Ulimi haukuteleza, ndugu zangu. Nilisema nikiwa mkavu kabisa. Na nani atabishana na mtu juu ya msiba wake? Mkanipa pole. Mkaniletea unga na sukari, nami nikapokea kwa mikono miwili. Uji wa unga ule niliunywa.

Wazee mnajua desturi yetu. Kanisa limepunguza mambo mengi, lakini kifo kibaya, kifo cha kufunikwa na udongo, mwili haujaonekana, bado tunakiogopa. Nyumba yenye kifo cha namna hiyo inajitenga. Watu hawaingii, wanaongea nawe kwa mbali, ng'ombe wako hawachanganyiki na wa wenzako malishoni wala majini, mpaka wazee waje kuifungua. Mimi sikungoja niambiwe. Nilikata tawi la mgunga lenye miiba nikalilaza njiani, pale pa kuingilia kwangu. Nyumba imefungwa.

Nanyi mkaheshimu. Siwalaumu. Mkapita mbali, mkainamisha vichwa. Lakini niwaambie ukweli ambao sijawahi kuusema: nilipolaza lile tawi, nilifurahi. Sasa hakuna wa kuja kunisumbua. Tukabaki watatu ndani ya boma, mimi, binti yangu na yule wa kwenye simu.

Neno halikai mahali pamoja. Binti yangu alisema shuleni kwamba mama mdogo amekufa. Shule ikapeleka mnadani, mnada ukapeleka Katesh. Mdogo wangu akasikia kwamba anaombolezwa. Hebu vaeni viatu vyake: ana tumbo kubwa, mama hana, na dada aliyemlea amemfungia nyumba ya msiba angali anatembea. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Akaogopa. Aliacha hata kuchagua nguo za mtoto. Mume wake akamwambia tukamwone dada yako, yeye akasema, "Nikifika pale, naingia kwenye msiba wangu mwenyewe. Mtoto huyu atatokaje?"

Hapa ndipo aliponijia jirani yangu. Huyu mama aliyekaa mlangoni, mwenye bangili za shaba. Haabudu hapa, yeye na watu wake wana dini ya baba zao, leo amekuja kwa ajili yangu. Wao ni wafugaji, tumepakana kwenye korongo. Ng'ombe wao walikuwa wanapita kwangu kwenda lamboni, na mimi nilipofunga nyumba akawa anawazungusha kule korongoni, masika yale, tope mpaka magotini. Hakunung'unika. Siku moja mchana nikamwona amesimama nje ya tawi, ameegemea fimbo.

"Jirani!" akaita. "Hamjambo huko?"

"Hatujambo."

"Nimekuja kuuliza. Tumezungusha ng'ombe kwa heshima ya maiti wako. Sawa, ni haki yake. Lakini sijasikia kilio. Huyu maiti amelala wapi?"

"Kwenye tope."

"Nani alimwona?"

"Mimi."

"Ulikuwa huko?"

"Nimemwona kwenye simu."

 Akatema mate pembeni, akaniuliza, "Simu ilikuonyesha uso?"

Nikataka kusema ndiyo. Nilikuwa nimeshaona shingo, nimeshaona sikio. Nikasema, "Mgongo."

"Mgongo!" akasema. "Ng'ombe wangu akipotea, nikaona mgongo mwekundu kwa mbali umelala, sisemi ni yeye. Nafika mpaka pale. Naangalia alama ya sikio. Ndiyo naanza kulia." Akaondoka zake. Mimi nikamwona ni mama mjeuri, asiyejua msiba wa watu.

Kumbe yeye hakuliacha hapo. Siku ya mnada alipeleka mbuzi Katesh, na akawa anauliza kwa wauza chai, kwa wauza mitumba, mdogo wake yule mama wa Gendabi ni yupi. Akamkuta. Anauza chai pembeni ya mnada, tumbo limetangulia. Jirani yangu akamwangalia kwanza masikio, mwenyewe ndivyo anavyosimulia, halafu akamwambia, "Wewe unaliliwa. Twende ukamwambie anayekulilia anyamaze."

Siku ile nilikuwa nimekaa mlangoni. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, jua limetokeza. Simu iko mkononi, video inacheza. Jogoo akawika, sijui wa kwenye simu, sijui wa ng'ambo. Nikainua macho. Njiani, nje ya lile tawi la miiba, mwanamke amesimama amenipa mgongo. Kitenge cha bluu, ndege wa njano. Kitambaa chekundu. Hatikisiki.

Nikaangalia kwenye simu, yupo. Nikaangalia njiani, yupo. Nilijiambia ni macho yangu, ni yale yale ya siku zote. Binti yangu akaja akajibanza ubavuni kwangu, akanong'ona, "Mama, ni yule."

Ndugu zangu, mtoto naye alimwona. Nikajua limefika. Nikamkumbatia binti yangu, nikakaza mgongo wangu kwenye ukuta, nikangoja ile sauti iseme toka, na kile kitu cha kahawia kije juu ya paa. Sikuwa hata na nguvu ya kuomba. Nikawa namwangalia yule mwanamke, kama nilivyomwangalia miezi yote ile, nikingoja ageuke na nikiogopa ageuke.

Akageuka.

Alikuwa anaongea na jirani yangu aliyebaki nyuma na mbuzi kwenye kona, basi. Lakini mimi sikumwona jirani. Niliona kitambaa kinageuka, bega linageuka, halafu tumbo, kubwa, limebeba kitenge kama chungu. Na uso wa mdogo wangu.

"Shikamoo dada."

Sikuitika. Bibi yangu aliniziba mdomo kutoka kaburini.

"Shikamoo dada."  "Dada, unanilia mimi? Nina mtoto tumboni, dada, unanilia?"

Hakuweza kuvuka lile tawi. Akivuka, ameingia msibani kwake. Alisimama pale na miguu imevimba, tope kwenye vidole, na mvua ikaanza tena. Akasema neno ambalo nitakufa nalo. Akasema, "Dada, niitikie. Usiponiitikia, mimi nitajuaje kama nipo?"

Nikainuka. Sijui simu niliiacha wapi, tuliikuta baadaye kwenye beseni la kunyweshea ndama. Nikatembea mpaka kwenye tawi. Nilipomkaribia nikasikia harufu yake. Tangawizi, moshi wa kuni za mnadani, na jasho la mtu aliyetembea mwenye mimba. Miezi yote ile nilikuwa naangalia wafu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na harufu. Nikanyoosha mkono nikamshika sikio. Kwa nini sikio, sijui, labda ni yule jirani. Lilikuwa la baridi kwa mvua, na nyuma yake kuna kovu la kuungua na uji akiwa mtoto, nilimuunguza mimi.

Nikasema, "Marahaba." Nikasema tena, "Marahaba, marahaba, marahaba mdogo wangu," mpaka nikapayuka. Nikalishika lile tawi kwa viganja nikalivuta. Alama za miiba hizi hapa, anayetaka aje azione.

Tulipokwisha kulia, akaniomba aione hiyo video. Tukaikausha simu, ikawaka. Aliitazama mara moja tu, akaifunika kwa kiganja. "Dada, hapa si kwetu. Mimi kitenge changu siku ile kilikuwa sandukuni. Nusu ya mji walinunua hiki kitenge mnada ule."  Halafu akauliza, "Sasa huyu ni nani?"

Mimi sikuwahi kuuliza. Hebu nieleweni watu wa Mungu, sikuwahi! Nilimtazama yule mama akifa asubuhi, mchana na jioni, nikala nikimtazama, nikampa jina la mtu mwingine, na sikuwahi kujiuliza yeye alikuwa nani. Mdogo wangu akasema, "Ana watu wake huyu. Kuna mtu naye anamwita dada, haitikiwi." Tukaifuta mbele ya jirani.

Nikataka kuwaambia wazee kwamba msiba haukuwepo, nilikosea, tuusahau. Jirani yangu akakataa. Akasema, "Kilio si unga urudishwe kwenye gunia. Kimeshatoka. Mpe mwenyewe." Wazee wa kwetu wakakaa, wazee wao wakakaa, na wazee wa kanisa wakasema kuombea aliyekufa peke yake si dhambi. Wakaja kuifungua nyumba. Mzee mmoja aliomba ile sala ndefu ya baba zetu, nasi tukaitikia kwa kuvuma, tukamwombolezea yule mama tusiyemjua jina, mara moja, kwa machozi, tukamaliza. Ng'ombe wetu na wao wakashuka lamboni pamoja. Mdogo wangu akavuka njia ile mchana, akaingia kwangu, akajifungulia zahanati nikiwa nimemshika mkono.

Msidhani nilipona siku hiyo hiyo. Kidole kilikuwa kinanicheza hata nikishika mwiko. Kuna siku nilikwenda kuazima simu ya wifi nikasingizia nataka kupiga. Bado nikisikia jogoo nasimama kidogo. Sasa natumia kitochi, kinapiga na kupokea. Kila asubuhi kinalia, na mimi naitika kabla shikamoo haijaisha.

Nawashukuru. Kina mama, unga wenu nimeurudisha kwa mavuno, lakini upendo wenu siwezi kuupima kwa debe. Baba watoto, ulirudi ukakuta mke amekonda na jogoo hayupo, hukuuliza sana, asante. Binti yangu, kofi lile nilishakuomba msamaha na leo nakuomba mbele ya watu. Jirani, wewe ulisema hukusikia kilio. Wote waliheshimu, wewe ukauliza. Mungu wangu na wa baba zako wakutunze.

Neno langu kwenu ni hili. Ukioneshwa kifo cha mtu, lia, uliza ni wa nani, halafu geuka uwaangalie walio hai. Ukikirudia rudia, hakikai mahali pamoja. Kinaingia nyumbani kwako na kuchukua kiti cha mtu.

Vijana, simu bado ziko mfukoni? Vizuri. Hili sitaki lirekodiwe. Mmekaa hapa tangu asubuhi, na wengi wenu mmeona mgongo tu, pale benchi la mbele, kitenge cha bluu chenye ndege wa njano. Mdogo wangu, simama. Mshike mtoto vizuri. Sasa geuka, watu wakuone uso.

Wazee, amewaamkia. Mwitikieni.